Jekundu au Jeupe

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa kwenye gereji moja mjini Shinyanga, nikisubiri baiskeli yangu izibwe pancha, alipoingia mfanyabiashara wa pamba akiwa amemshika mkono baba yake, mzee asiyeona. Wahandisi wawili wa Kitaliano waliorudi kwao walikuwa wameacha hapo magari yao ya mbio yauzwe, yote hayana paa, moja jekundu na jingine jeupe.

Mfanyabiashara alilipenda jekundu. Fundi alipoliwasha likanguruma, sote tukasogea. Mlango wake ulikuwa mwembamba, ikabidi mzee abebwe kuingizwa na kutolewa. Walipofika kwenye jeupe akasema, "Niache kwanza." Akapapasa mlango, akainama, akakaa.

"Baba, tuchukue lipi?" mwanawe akauliza.

"Gari ni lako, mwanangu. Ila humu nimeingia mwenyewe."

Mwanawe alilitazama jekundu kwa muda, kisha akaomba funguo za jeupe. Waliondoka mzee akiwa amevua kofia, upepo ukimpiga usoni.

Tuliobaki tulikubaliana kwamba yule bwana amekosea, maana jekundu lina mbio zaidi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake angempakia nani.