Nilikata kitambaa cha Mama Zuena, jeep ya harusi ikanifia kwenye lami

Wakuu, salama huko mlipo?

Mi ni kijana wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Kiswahili changu ni cha huku, mtanivumilia. Haya yamenikuta mwenyewe, na pale nilipofanya ujinga sitaficha.

Ugonjwa wangu ni jeep za kijeshi za zamani. Zile jeshi lilizichoka, zikauzwa kama chuma chakavu. Ninazo mbili na nusu. Ile nusu mama yangu anaanikia nguo.

Hakuna iliyo nzima. Bodi ya moja, injini ya ingine, giaboksi ilitoka Uvira ndani ya gunia. Ufundi sikusomea popote, nimejifunza kwa video za simu na kwa kuharibu. Mutu akizicheka tunagombana. Mdomo wangu unatangulia akili, najua.

Sasa rafiki yangu Fiston, Mkongomani, alikuwa anaoa. Huyu siku baba alinifukuza nyumbani ndiye alinigawia nusu ya godoro lake. Bibi harusi anakaa Gasenyi, njia ya udongo, mvua ikinyesha taksi zinagoma.

Nikasimama mbele ya familia zote mbili, nikaapa: bibi harusi atapanda jeep yangu. Wajomba wakataka kukodi gari. Nikawafokea. Nani atamleta mke wa Fiston kama si mi?

Tatizo, difu ya nyuma, ile gia inayozungusha tairi za nyuma, ilikuwa imekufa.

Nikaenda kwa Mama Zuena, mjane wa fundi, anauza spea za zamani. Ana desturi yake: difu ya mbele na ya nyuma zilizotoka gari moja anazifunga pamoja na kipande cha kitenge. Ukichukua, unachukua zote.

Mi ya mbele nilikuwa nayo. Nikatoa kisu, nikakata kitambaa.

"We Isa, hao ni mapacha. Usiwatenganishe."

"Mama, nataka ya nyuma tu. We uza, kufunga ni kazi ya wanaume."

Wateja wote wakageuka. Akaniangalia.

"Haya, mwanaume. Beba."

Nikafunga. Alhamisi, harusi Jumamosi, nikaenda kutest Kajaga, kwenye mchanga wa ziwa. Nikaweka nne kwa nne, tairi zote zivute, jeep ikapanda kama mbuzi. Nikarekodi video, nikamtumia kila mutu aliyewahi kunicheka.

Wakuu, mchanga unaficha. Tairi za mbele zikigombana na za nyuma, zinateleza tu, husikii kitu. Lami haina hiyo huruma.

Narudi mjini kichwa kimejaa sifa, nne kwa nne sikuitoa. Lami ilivyoanza, usukani ukawa mzito, jeep inashtuka-shtuka kama imefungwa kamba. Dawa yangu? Nikaongeza moto.

PAA!

Shafti ya mbele imekatika. Nikavutwa na pikapu mpaka Buyenzi, mchana kweupe, kila garage imetoka kuangalia.

Fiston akaja. Nilijua atanitukana. Akasema tu: "Ndugu yangu, nyumbani nimeshawaambia ni jeep yako. Basi."

Bora angenitukana.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa Mama Zuena.

"Mama, pardon."

"Ulihesabu meno?"

"Apana."

"Ulitest wapi?"

"Kajaga."

Akacheka mpaka akashika meza. "Hata marehemu wangu alitest kwenye mchanga. Mara moja."

Akafunga duka. Akaja garage kwa miguu, akakaa juu ya tairi, akaamuru tufungue difu zote mbili, tuhesabu meno ya gia kubwa.

Mbele 43. Nyuma 39.

Yaani gari moja, mbele inataka mwendo wake na nyuma wake. Lazima kitu kikatike.

Na yule pacha wa mbele niliyemwacha, wakuu, alikuwa bado dukani. Mutu mmoja alikuja kumtaka Alhamisi ileile, Mama Zuena akamnyima. Video yangu ilishamfikia mama, akaona natest kwenye mchanga, akajua nitarudi tu.

Tukamfunga huyo pacha mbele, shafti tukaitoa kwenye ile jeep nusu. Kufika magharibi kila kitu kimefungwa, tumetest kwenye lami, jeep inatembea kama siagi.

Nikamuuliza: "Mama, mi nilikutukana mbele ya watu. Kwa nini ukaniwekea?"

"We ulinitukana. Bibi harusi alinifanya nini?"

Nikainama kukusanya spana. Mi, mwenye mdomo huu.

Jumamosi mvua ikanyesha kweli. Taksi zikagoma kweli. Jeep ikapita ule udongo bila kuteleza, bibi harusi nyuma ameshika gauni, anacheka. Wajomba, waliokodi gari lao hata hivyo, walilisukuma wakiwa na suti.

Funzo: vyuma vilivyoishi pamoja usivitenganishe kabla hujahesabu meno. Na aliyekaa na fundi miaka yote hiyo, usimwite muuzaji tu. Mi nilimdharau, yeye akafunga duka lake kwa ajili yangu. Kila nikipita pale nasema asante, mpaka ananifukuza: "Toka, unanizuilia wateja."

Wenye magari ya mchanganyiko, nyie mlishawahi kufunga difu zisizofanana? Na nani alikusaidia siku ambayo hukustahili kabisa? Shusheni hapa.

Wa kunitukana pia karibuni, nimestahili. Ila Mama Zuena mutu asimguse, tutagombana.