Jumba la Simu Lisilo na Dirisha

Wifi yangu Akwero alinisingizia. Alisimama bombani, kwenye nyumba za askari magereza tunakoishi kule Luzira, akawaambia wanawake wote kwamba mimi, Ayaa, kazi yangu ni kuosha damu ya watu.

Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Nilikuwa nimepata kazi ya usafi katika jumba la simu, upande wa Bugolobi. Jumba hilo ni refu, zege tupu kutoka chini hadi juu, halijapakwa rangi wala halina dirisha hata moja. Ukutani bado kuna alama za mbao zilizoshikilia zege lilipomwagwa. Unaona hata vifundo vya mti. Mvua ikinyesha, lote linakuwa jeusi. Na watu wa Kampala walikuwa wameziona nyumba ambazo mtu aliingizwa asitoke. Jumba kama lile hawakuliuliza maswali; walimwamini Akwero papo hapo.

Akwero alikuwa na uchungu wake. Mumewe, Oloya, alichukuliwa na gari la askari wakati wa vita, hakuonekana tena. Lakini uchungu haukumpa ruhusa ya kunichafua. Nilimpikia mboga za ufuta, akasukuma sahani.

"Kula na mumeo. Mikono hiyo hainilishi mimi."

Bombani wakaongeza yao. "Ayaa, hiyo sabuni ya kazini inatoa damu kweli? Tuletee basi, tuna mashuka!"

Nilimwendea fundi mkuu, Mkenya mmoja aitwaye Odera, nikamwomba wifi yangu aingie ajionee.

"Mama, humu ni mashine tu," alisema. "Hazitaki vumbi wala jua, ndiyo maana hakuna dirisha. Mlete, ila avue viatu."

Akwero alikuja. Alivua viatu mlangoni, akanikamata mkono. Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri na taa nyeupe, mashine zikigongagonga kila watu walipopigiana simu. Tulipanda ghorofa baada ya ghorofa. Mashine hakuzitazama. Alipapasa kuta, akachungulia nyuma ya makabati.

Juu kabisa akauliza, "Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho, wifi."

"Hakuna chumba kingine?"

"Hakuna."

Akaketi sakafuni akalia. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anamtafuta Oloya. Muda wote ule wa kunitukana, alikuwa anatumaini kwamba ninafagia mahali alipopita mumewe.

Nilimfuta machozi kwa kitambaa changu cha mashine, kilichokuwa safi kuliko kanga yake. Jioni hiyo alikula kwangu, akaomba aongezewe mboga.

Miaka mingi imepita na bado niko humo. Nje jua linaunguza, mimi niko kwenye ubaridi, nafuta vumbi huku watu nisiowajua wakipeana habari zao. Kazi hii naipenda. Imenisomeshea watoto, mimi ambaye sikusoma, na mume wangu Ocira anajivunia.

Lakini wanawake wa bombani, ambao sasa wanalea wajukuu, bado huwavuta watoto kando nikipita. Akwero anawaona. Anakula kwangu kila Jumapili, anasifu mapishi, ananyamaza.

Waliomchukua Oloya wana deni kwa Akwero: wamwambie alipo. Na Akwero ana deni kwangu: awaambie wanawake wale, wakiwa wote pamoja, alichokiona ndani.