Siku Nilipozikataa Karanga za Wakwe

Nianze kwa kukiri, ili nyie msije mkasikia kwa mtu mwingine huko Majengo mkasema nimewaficha. Yule dada mnayesimuliwa, aliyesimama katikati ya ua wa watu kule Kabungu, mbele ya wazazi wa mchumba wake, akapaza sauti kama anauza mchicha akatangaza kwamba ana herpes, ndiye mimi. Sikuwa nimelewa, wala hakuna aliyenishikia fimbo. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, na kinywa chenyewe kilikuwa kimevimba.

Tangu utotoni huwa nikichoka sana natokwa na malengelenge pembeni mwa mdomo, yale ambayo watu wanayaangalia wanasema, "Pole, homa imekutokea mdomoni." Mwaka jana nikajifanya msomi, nikaenda hospitali kuuliza. Daktari mmoja kijana, mpole kweli, akanieleza kwamba hicho ni kirusi cha herpes, cha aina ya mdomoni, watu wengi wanakipata wakiwa watoto kwa kubusiwa na kuchangia vikombe, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu na kinaamka mwili ukizidiwa. Akaniambia kikitoka nisibusu mtu, hasa mtoto mchanga. Maelezo mazuri sana. Mimi nilisikia neno moja tu, herpes, mengine yote yakapitia dirishani. Kwa sababu mnajua huku kwetu, ukilitamka hilo neno hakuna anayeuliza ni ya wapi, kila mtu anashusha macho chini ya mkanda.

Basi, siri yangu nikaikalia vizuri, mpaka Masanja aliposema wazazi wake wananisubiri Jumamosi.

Masanja ni fundi wa umeme wa jua, tulijuana alipokuja kufunga sola pale saluni kwangu. Ni Msukuma, wazazi wake walishuka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga miaka mingi iliyopita wakatulia Kabungu, mimi ni Mpimbwe wa kwa wakulima wa mpunga, na sote ni wa kanisani, kwa hiyo tulikubaliana tusubiri mpaka ndoa, na tulikuwa tunasubiri kweli (msicheke, halafu hili mlishike, litawasaidia mbele).

Wiki ile kulikuwa na harusi mbili mjini. Nikasuka wasindikizaji wa bibi harusi kuanzia alfajiri, siku nne mfululizo, nalala kidogo kama mlinzi. Chakula changu kilikuwa soda na andazi moja, maana nilitaka lile gauni la kwenda ukweni linikae, na nikizidiwa nakunywa kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu, makopo mawili matatu. Alhamisi mdomo ukaanza kuwasha. Mtu mwenye akili angeenda kulala. Mimi nikafungua simu.

Kwenye simu nikamkuta bwana mmoja amevaa koti jeupe, nyuma yake pazia la chumbani lenye maua, anaeleza kwa ukali kwamba wenye herpes wanajiua wenyewe kwa karanga. Karanga, korosho na chokoleti, anasema, ndicho chakula cha kirusi, ila maziwa yanakinyima nguvu. Nikamwamini palepale. Chokoleti mara ya mwisho kuila ni lini sikumbuki, korosho huku kwetu naziona kwenye matangazo, lakini karanga! Nilikuwa nimetafuna kiganja kimoja Jumatatu. Kwa hiyo mwili unaolia usingizi siku nne, ulioshindishwa na soda, nikauambia tatizo lako ni zile karanga za Jumatatu.

Zuhura, tunayefanya naye kazi saluni, akaongeza utaalamu wake. "Paka dawa ya meno, inakausha." Nikapaka. Iliwaka kama pilipili, na asubuhi ya Jumamosi ngozi imebanduka na kidonda kimeongezeka ukubwa. Nikakifunika na rangi ya mdomo ya zambarau iliyoiva, nikapanda bodaboda saa tano, jua la Katavi mnalijua, bila kofia wala mtandio kwa sababu nisingekubali kuharibu nywele. Tulipofika, mdomo wa juu ulikuwa umetangulia nusu hatua mbele yangu.

Masanja akanipokea njiani. "Adela, mdomo umekuwaje?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Neno moja tu, kwa mtu mmoja anayenipenda, chini ya mwembe wa jirani, hakuna mwingine anayesikia. Nikasema, "Nyuki."

"Nyuki?"

"Nyuki, njiani hapo."

Akanionea huruma mpaka nikaona aibu, lakini si aibu ya kutosha kusema ukweli.

Tukaingia. Nikapiga magoti nikasalimia Kisukuma nilichofundishwa, "Mwangaluka mayu," nikiwa nimejiandaa wiki nzima, na mama mkwe akacheka vizuri tu, maana hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa utosini. Mama mwenyewe ni mwanamke mrefu, mchangamfu, anakuita mwanangu kabla hujaketi. Baba yuko kwenye kiti chake cha kamba, na majirani kama kumi hivi wamekuja kumwona mchumba wa mjini. Hata sijakaa sawa, dada yake Masanja, Nyanzobe, akaja na mtoto wake wa wiki tatu, kafungwa kwenye shuka kama zawadi.

"Wifi, mpokee mtoto wako, umbusu."

Hapo yale maneno ya daktari yaliyopitia dirishani yakarudi yote kwa pamoja. Nikarudisha mikono nyuma kama nimepewa sufuria la moto. "Hapana!" Nyanzobe akaniangalia. Ilibidi nitoe sababu, na mimi sababu nilikuwa nazo nyingi isipokuwa ile ya kweli.

"Samahani wifi, hayo mafuta ya mtoto... harufu inanichefua."

Nikaona mama mkwe ameinua shingo. Nikadhani amekasirika. Kumbe anaanza hesabu.

Kikaja chakula. Mungu ana utani wake, jamani. Kwanza michembe, vile viazi vilivyokaushwa na kuchemshwa, na pembeni bakuli la karanga za kukaanga. Halafu nsansa, majani ya kunde, yameungwa kwa karanga. Halafu kuku wa kienyeji, aliyechinjwa kwa ajili yangu mimi, anaogelea kwenye mchuzi mzito wa karanga. Karanga zenyewe za shambani kwao, mama alizitwanga kwa mkono wake tangu asubuhi, na alinieleza hivyo. Hakukuwa na kitu mezani ambacho yule bwana wa pazia la maua angeniruhusu, ukiacha ugali na maji ya kunawa.

"Kula mwanangu."

"Asante mama, ila karanga... siku hizi zinanikataa."

Angalieni hilo neno, siku hizi. Ningesema tangu utoto, ningepona.

"Siku hizi tangu lini?" mama akauliza, taratibu, kwa sauti tamu.

"Kama tangu mwezi uliopita hivi."

"Eeh. Na unajisikia kula nini?"

"Maziwa tu, mama."

Wakaniletea mgando. Kata ya kunywea ilikuwa inazunguka kwa wote, nikakataa kuchangia, nikaomba kikombe changu peke yangu (hili kwa kweli lilikuwa jema, lakini nani alijua?). Nikanywa kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu, naona kabisa kirusi kinakosa pumzi. Mama mkwe ananitazama na macho yake yanazidi kulowa. Mtoto wa watu anachefuliwa na harufu, karanga zinamkataa tangu mwezi uliopita, anataka maziwa, anataka kikombe chake, na uso umevimba. Mwanamke aliyezaa watoto saba alihitaji ushahidi gani mwingine?

Akaweka bakuli chini, akatia mkono mdomoni, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mpaka Mpanda mjini.

Majirani wakaitikia. Kigelegele hakiulizwi sababu. Baba akainuka kwenye kiti chake, akapiga makofi. "Kumbe tumeshaongezewa! Masanja, na wewe ulikuwa unatuficha? Kamateni mbuzi!"

Mimi nacheka na wenzangu kwa adabu, sijaelewa bado. Nikamwangalia Masanja ili anieleze tunashangilia nini. Masanja hacheki. Kijana mweusi kama mimi, lakini nilimwona amekuwa na rangi ya majivu. Akaja mpaka mbele yangu, akaongea taratibu, na kwa sababu aliongea taratibu vigelegele vikakatika na kila mtu akasikia.

"Adela. Mimba ya nani?"

Mnakumbuka niliwaambia mlishike lile. Yeye alikuwa amelishika muda wote. Watu kumi na kitu wameganda, matonge mkononi, na mtu pekee duniani mwenye uhakika kwamba mimba ile si yake anaanza kulengwa na machozi. Nilihisi ndoa yangu inaondoka na miguu yake mwenyewe. Ndipo nikasimama.

"Sina mimba! Sina mimba, nina herpes!"

Ningependa kuwaambia kwamba hilo liliwatuliza. Nyanzobe alimkumbatia mwanawe akahamia upande wa pili wa ua. Jirani aliyekuwa karibu nami akakivuta kikombe chake kwa kidole kimoja. Baba akakohoa, akamwambia aliyeshika mbuzi, "Mwachie kwanza." Na mama, maskini, akauliza kwa sauti ya kunong'ona, "Ule wa zinaa?" Masanja naye akaketi chini kabisa, kwenye vumbi, na suruali yake ya kutokea. Katika sekunde kumi nilikuwa nimefanikiwa kutoka kwenye mimba ya mtu mwingine na kuingia kwenye jambo baya zaidi.

Aliyeniokoa ni shangazi yake Masanja, Kabula, muuguzi wa zahanati. Alikuwa amekuja mbio aliposikia vigelegele, akidhani kuna mtu kajifungua bila yeye. Akaniambia nifute ile rangi ya mdomo kwa maji. Akaniinua kidevu, akatazama, akasonya.

"Hii? Na hapa ulipaka nini?"

"Dawa ya meno, shangazi."

"Wiki hii umelala vipi?"

"Sijalala sana."

"Umekula nini?"

"Soda. Na vile vya kopo."

"Na juani umekuja kichwa wazi. Na roho juu, unaogopa wakwe." Akawageukia watu. "Hii ni ya mdomoni, siyo ile mnayowaza. Haina cha kuona haya. Akae mbali na kichanga, asichangie vikombe, basi. Inakauka yenyewe. Ikizidi kumrudia aje zahanati, dawa zipo." Halafu akanirudia mimi. "Na karanga zimekukosea nini?"

Nikaeleza habari za bwana wa kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, uvumilivu wa kazi yake ule. "Wapo wanaosema hivyo kuhusu karanga, lakini hakuna aliyelithibitisha. Kama wewe ukila unaona zinakutibua, acha. Ila wewe umejinyima usingizi, umejinyima chakula, umejichoma jua, halafu kesi unaipeleka kwa karanga?"

Watu wakacheka. Mama mkwe akasogea, akanichungulia mdomo kwa karibu. "Sasa hii ndiyo inaitwa jina kubwa hivyo? Mbona mimi inanitoka kila palizi?" Baba akasema yake inamtoka akirudi mnadani na ng'ombe. Jirani wa kikombe akasema mumewe. Kumbe ua mzima tulikuwa ndugu, ni mimi tu niliyekuja nimejipaka zambarau. Halafu mama akauliza, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo, "Kwa hiyo hakuna mjukuu?" Aliuliza kama mtu aliyefiwa.

Nyanzobe alinifuata nilipokuwa naaga. "Wifi, ungeniambia tu. Umemkinga mwanangu halafu ukamtukana kwamba ananuka." Nilimwomba radhi, akaipokea, lakini si kwa haraka.

Masanja alinisindikiza hadi barabarani. Bodaboda ilipofika ndipo akasema, "Kidonda siogopi. Naogopa mtu anayeweza kunitazama machoni akaniambia nyuki." Akaniacha hapo. Hakupiga simu siku tisa. Siku ya kumi akaja saluni kukagua betri ya sola ambayo hakuna aliyemwita kuikagua, akazunguka, akafunga na kufungua nyaya zilezile, mwisho akauliza, "Umelala?" Nikasema nimelala. Akasema, "Kweli?" Nikasema kweli. Hilo swali la pili bado anauliza mpaka leo, na harusi ni baada ya mavuno. Nimelistahili.

Kwa hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi, kwamba mdomo wangu ukianza kuwasha sitamtafuta mtaalamu wa pazia wala sitamsingizia mdudu. Wiki iliyopita ulianza kuwasha. Nikamwambia Zuhura naenda nyumbani kulala, siku mbili. Akauliza, "Wateja nitawaambia nini?" Nikamjibu, waambie ukweli, mwenye saluni ametokwa na herpes mdomoni na anadaiwa usingizi. Zuhura kwa kuropoka hajambo, akawaambia kweli, wote, kwa sauti. Niliporudi nilikuta wateja wanne wananisubiri, na hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa. Mmoja mmoja walinivuta nyuma ya pazia, wakafunua mdomo, wakaniuliza, "Dada Adela, na hii yangu je?"