Shangazi na Mashine ya Ubongo

Leo chupuchupu shangazi yangu achomwe sindano ya kifafa, naye mzima wa afya!

Kile kimashine changu cha kupimia ubongo wa majeruhi palepale ajalini nimekipeleka Kiembe Samaki, ili wahudumu wawili wa gari la wagonjwa wakijaribu. Shangazi Zuwena kajitolea kuwa mgonjwa.

Kalala, kafumba macho. Tukambandika nyaya kwenye kipaji cha uso.

Nikawasha.

Lahaula! Mistari ikaruka ovyo, kioo kikaandika KIFAFA.

Mhudumu mmoja akamgeuza ubavu. Mwenzake mbio kutafuta sindano. Na miye (msinicheke) nimefurahi, mashine inafanya kazi!

Shangazi akafumbua macho. "Mna nini nyie?"

Mdomo mwekundu. Anatafuna tambuu! Kumbe mashine ilikuwa ikipima taya zinavyotafuna.

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Tangu nilale hapa mnakitazama hicho kioo. Hata shikamoo sijapewa."



Nimerudi nyumbani, maelekezo ya mashine nshayabadilisha. Hatua ya kwanza ilikuwa "Washa mashine."

Sasa ni "Mwamkie mgonjwa, usubiri akujibu."

Nyie mngeanza na lipi?

Semeni kweli.