Kengele ya Bibi wa Chumba cha Mbele

Nyinyi wajukuu, na watakaozaliwa na nyinyi, nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilicho nacho. Msijifanye hamkisikii, nikiita chakula hakuna anayekosa njia. Someni polepole. Neno likiwashinda, muulizeni mama yenu, msiliruke. Mimi niliishia darasa la nne, na mgongo unaniuma nikikaa sana, kwa hiyo sitazunguka.

Nataka kuwaambia habari za parishi moja ya Uingereza ambayo sijaiona wala sitaiona. Mtasema, Nyanya ana milima yake ya Taita ya kusimulia, Uingereza inamhusu nini? Ngojeni.

Mnaijua nyumba yetu ya Brooklyn Center, huku Marekani. Sisi chini, na juu wazee watatu ambao mama yenu anawatunza kwa kibali cha serikali. Mimi niliitwa Marekani kuja kushika watoto. Watoto wakakua, wakaacha kushikwa, nikabaki na masufuria. Mama yenu akitoka zamu ya hospitali analala mchana, na mimi ndiye ninayepanda ngazi na uji, ninashuka na mashuka. Kupanda na kushuka, theluji ije, theluji iende. Sisemi ili mnihurumie. Ndivyo ilivyokuwa.

Bibi wa chumba cha mbele alikuwa Mwingereza. Alizaliwa katika parishi ndogo ya kondoo na matope, kanisa moja, nyumba chache. Akaolewa na askari Mmarekani wa ndege, akamfuata huku, akafiwa naye huku. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume wa Lakeville, mji usio mbali na huku, aliyekuja kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikuwa anakaa kitini na koti lake mwilini, kama mtu anayengoja basi, kisha anaondoka.

Bibi yule alikuwa anasahau. Alisahau kama amekula, alisahau jina la mwanawe. Kila asubuhi alilia akitaka kwenda nyumbani. Wasaidizi wa mama yenu walikuwa wamefundishwa kumbembeleza kwa picha za maua na muziki. Aliangalia maua, akaendelea kulia.

Siku moja nilikuwa nimechoka na kile kilio, nikamwita dada yenu mkubwa, alikuwa ametoka shule na begi bado mgongoni. Nikamwambia, "Muulize bibi huyu yeye ni wa nyumba gani, na amepakana na nani."

"Aki Nyanya! Hiyo ni swali gani? Hata hajui leo ni siku gani."

"Sijakwambia umuulize siku. Muulize mpaka."

Kwetu milimani hatumuulizi mgeni jina kwanza. Jina linaweza kuwa la mtu yeyote. Tunamuuliza, umepakana na nani upande wa juu, na upande wa chini je? Akijibu, tayari tumejua ni mtoto wa nani na mama yake alikuwa mkali au mpole.

Dada yenu akauliza huku amekunja uso. Bibi akaweka kikombe chini. Akajipangusa macho. Akaanza.

Upande wa juu, mtoni, walikuwa watu wa kinu cha kusaga. Chini yao, nyumba ya kwao bibi mwenyewe, imeegemea ukuta wa makaburi, maana baba yake ndiye aliyechimba makaburi ya parishi na kupiga kengele. Kutoka hapo walikuwa ndugu wawili waliogombania ua wa miti kati ya mashamba yao mpaka wakanyimana salamu. Kila Jumapili walikuja kanisani, huyu kulia, huyu kushoto, na sahani ya sadaka ikipita lazima mtu mwingine akae katikati aivushe. Mbele yao alikuwa mama mmoja aliyezika waume watatu, akaacha agizo azikwe kati ya wa kwanza na wa tatu.

"Na wa pili alikosa nini?" nikauliza. Dada yenu akatafsiri.

"Alikoroma," bibi akasema, na akacheka. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akicheka.

Tangu siku hiyo ikawa kazi ya kila alasiri. Dada yenu akirudi, tunapanda, bibi anapita nyumba moja moja, na akiruka nyumba dada yenu anamrudisha. Hata nyinyi wadogo mkawa mnaning'inia mlangoni kusikia habari za ndugu wa ua. Mkaijua parishi ya watu kuliko yenu. Nilipowauliza nyinyi mpaka wa nyumba yetu kule Taita, mmoja wenu alinijibu, "Kenya."

Sasa sikieni habari ya kengele. Kwetu kengele ya kanisa ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini. Kikipigwa siku ya kazi, ulijua kuna msiba, lakini ilikubidi uteremke kuuliza ni wa nani. Kengele ya kina bibi ilisema yenyewe. Mapigo ya kwanza yaliwaambia watu kama ni mwanamume au mwanamke. Kisha kimya. Kisha pigo moja kwa kila mwaka ambao marehemu aliishi. Watu waliokuwa shambani walisimamisha kazi wakahesabu, na kabla kengele haijanyamaza walikuwa wamejua ni nani, na wengine wameshavua kofia.

Alipomaliza kueleza hilo, aliushika mkono wa dada yenu, akasema, "Lakini baba hayupo. Mimi atanipigia nani?"

Aliuliza hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Vingine vyote alisahau, hilo halikumtoka. Hakutaka kengele ya kanisa lolote. Alitaka ile. Mimi sikumwahidi. Siahidi vitu vilivyo mikononi mwa watoto wa watu. Lakini Jumapili nilimsimamisha mwanawe ukumbini, nikamwambia dada yenu amweleze.

Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho. Akasema kila kitu kimeshapangwa. Mama yake atachomwa, na majivu yatawekwa Lakeville karibu na nyumbani kwake. Kanisa lile hajui hata kama bado linafunguliwa. "Tena apigiwe kengele asikie nani?" akasema. "Hakuna aliye hai anayemjua kule."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama mimi.

Bibi alikufa asubuhi ya Februari, baridi ile ya kukatisha pumzi. Mama yenu akafanya yanayotakiwa: akapiga simu, wakaja watu wa mochari wakamchukua taratibu. Mwanawe akasema atafika jioni kuchukua vitu vyake. Mimi nikampigia mwanamke mmoja wa kanisani, mmoja tu, nikamwambia tumefiwa na bibi wa chumba cha mbele, tuombee.

Mnajua kanisa letu. Saa nane magari yalikuwa yamejaza barabara mpaka kona. Wakina mama walikuja na maharagwe, chapati na chupa za chai. Mmoja alibeba viti vya kukunja. Viatu vya theluji vilirundikana mlangoni kama mahindi ya kupukuchuliwa. Mama yenu, aliyekuwa amerudi kulala, aliamka akakuta matanga sebuleni.

"Mama! Umefanya nini? Hapa mtu akifa ni siri ya watu wake! Unataka ninyang'anywe kibali?"

"Kifo siri?" nikamwambia. "Ulimwona mtu wake hapa? Basi hawa ndio watu wake. Lete vikombe."

Mama mmoja akasikia kwamba marehemu atachomwa, akashika kifua. "Kuchomwa moto! Binadamu?" Wengine wakaguna. Nikawaambia waache kelele. Babu zetu sisi Wataita waliwafukua wazee wao, wakatoa fuvu, wakalipeleka kwenye pango la ukoo, na mtu alijua fuvu la babu yake ni lipi katika safu. Kila watu wana namna yao. Muhimu mtu apelekwe kwao.

Wakati huo huo mwanawe akaingia. Alisimama mlangoni akiangalia viatu. Uso ulimwiva. Akamuuliza mama yenu hawa wote ni nani, na ni nani aliyewaambia. Wakina mama waliokuwa wakiimba wakakatikia katikati ya ubeti.

Ndipo dada yenu akatoka jikoni na sahani mkononi, akamuuliza, kwa sauti ileile niliyomfundisha, "Wewe ni wa nyumba gani?"

"Lakeville," akasema, amekasirika.

"Hapana. Wewe ni wa nyumba ya ukutani kwa makaburi. Juu yenu ni watu wa kinu. Chini yenu ni ndugu wa ua. Babu yako ndiye aliyekuwa akipiga kengele."

Akaendelea nyumba kwa nyumba, bila kuruka wala kukosea, mpaka kwa mume wa pili aliyekoroma. Mama mmoja kwenye kochi akacheka, akajiziba mdomo. Bwana yule akakaa. Akasema polepole, "Hakuwahi kuniambia haya."

"Ulimuuliza?" dada yenu akasema.

Mama yenu akamkodolea macho. Mimi sikumkemea. Nikasema mgeni atiwe chai. Na siku hiyo, mara ya kwanza tangu nimjue, alivua koti. Alibaki mpaka chapati zikaisha. Alimrudisha dada yenu nyumba ya kwanza, akamwambia, "Sema tena."

Akaondoka na vitu vya mama yake bila kusema atafanya nini. Kitanda cha bibi kilipata mtu mwingine kabla theluji haijayeyuka. Nikarudi kwenye ngazi zangu. Dada yenu alikuwa ananiuliza, "Nyanya, unadhani atampeleka?" Nikamwambia ale akalale.

Majani yalipoota yule bwana alipiga simu, alikuwa Uingereza na majivu ya mama yake. Akasema kanisa hufunguliwa Jumapili moja kwa mwezi. Kinu kimekuwa nyumba ya wageni. Ua wa miti upo, ndugu hawapo, wala hajui nani alishinda. Hakumkuta mtu hata mmoja wa ukoo wake. Lakini alimkuta mzee aking'oa magugu makaburini, mzee akamuuliza yeye ni nani, na badala ya kutaja jina akajikuta anataja nyumba, kutoka kinu kuteremka. Yule mzee akaweka jembe chini, akaenda kumtafuta mwenye ufunguo wa mnara wa kengele.

Kisha akatuma sauti aliyoinasa pale mnarani kwenye simu ya dada yenu.

Ilikuwa Jumamosi na wote mlikuwepo. Mmoja anacheza mchezo wa risasi, mmoja anakaanga mayai, wawili wanagombania chaja, na mama yenu amelala, ametoka zamu. Dada yenu alisimama ameshika simu, anataka kuibonyeza hapohapo katikati ya zogo. Nikamshika mkono. Nikawaambia:

"Zimeni hiyo televisheni na hilo jiko. Mwamsheni mama yenu. Simu iwekwe katikati ya meza, na mtu asifungue mdomo mpaka pigo la mwisho. Hesabuni."