Joto la Kinyala

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na kabla hajawa mkwe alikuja kwetu Kinyala, Rungwe, mwezi wa sita. Mwezi wa sita, jamani! Nilimwambia mchumba wangu amlete mwezi wa kumi, jua likiwa angalau linapita kutusalimia. Hakunisikia. Alikuwa amepata kazi kiwanda cha chai, anataka tuoane tukae hukuhuku, na mama yake alishatamka wazi kwenye simu: "Nije nipaone kwanza. Kama ni baridi hiyo ninayoisikia, mwanangu namrudisha nyumbani. Huyo binti akitaka atamfuata." Mimi nifuate? Nina shamba langu la chai, nina wazazi, nina ng'ombe. Niliingiwa na hofu mpaka chakula kikanishinda.

Alishuka kwenye gari kajitanda kanga mbili juu ya gauni, na ukungu umekaa mpaka mlangoni. Nikamvalisha sweta la baba, likamfika magotini. Akakaa jikoni karibu na mafiga, viganja motoni, akaanza kulilia joto la kwao. Mama yangu akataka kumchangamsha.

"Pole, mzaa mwenzangu. Hata huku joto huwa lipo."

"Joto lipi? Maana joto si moja!"

Basi akatufundisha. Kuna joto lenyewe, la kawaida, la kufungulia madirisha. Kuna hari, ile inayokutoa jasho umekaa tu, hufanyi kitu. Kuna fukuto, pale mvua inapokaribia na upepo umekata, mtu akagombana na mumewe bila sababu. Na kuna vuguvugu, "ambalo ni la maji ya kumwogesha mtoto, nalo hamna." Sisi tukabaki tumemkodolea macho. Manyunyu, rasharasha, ukungu, kipupwe, hayo tunayajua mpaka tabia zake. Joto kwetu lilikuwa joto tu, na lilikuwa na kazi yake.

"Mimi nikikosa hari naumwa," akasema, kisha akamtazama mwanawe. "Na wewe umekonda."

Amekonda wapi? Ndizi za mama yangu zilikuwa zimemjaza mashavu. Nikachochea moto.

Kesho yake asubuhi, mgeni akiwa bado kajifunika blanketi chumbani, baba akapaza sauti kutoka bandani. Kiswahili cha baba hakikosi Kinyakyusa ndani yake, na jambo likiwa kubwa lazima aongeze fijo, yaani sana.

"Joto limekuja! Limekuja fijo! Mpigieni simu bwana mifugo, hili likipita tumekosa mpaka wiki tatu!"

Nilikuwa nakimbilia simu mlango wa chumba ulipofunguka kwa kishindo. Mama mkwe huyo! Blanketi katupa, sweta kavua, mikono wazi, yuko katikati ya uwanja kwenye manyunyu, anageuka huku na huku.

"Liko wapi? Baba, hilo joto liko upande gani?"

Baba akasimama na kamba mkononi. Kwetu ukwe una heshima zake. Utaanzaje kumweleza mama wa watu habari za ng'ombe jike anayetaka dume? Akatazama migomba, akatazama viatu vyake, akajibu kwa adabu zote, "Liko bandani, mama."

Naye akaenda bandani!

Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Niliiona harusi yangu ikipanda basi la Tanga. Mama ndiye aliyemkimbilia, akamshika mkono, akamnong'oneza sikioni kile ambacho mfugaji yeyote wa Rungwe anakijua: ng'ombe akitafuta dume tunasema yuko kwenye joto, na usipoliwahi, maziwa ya mwakani uyasahau. Mama mkwe akamtazama ng'ombe. Ng'ombe akaachia mlio mrefu wa mwenye shida zake.

"Haa! Kumbe joto lenyewe ndilo hili?"

Akacheka. Alicheka akashika nguzo ya banda, akakokotwa jikoni bado anacheka, na kila akitaka kunyamaza ng'ombe analia tena. Baba, kwa aibu, alishakimbilia kwa jirani akampigie bwana mifugo hukohuko. Mchumba wangu akaja mbio akidhani kuna msiba. Hata mimi na hofu yangu yote nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ndipo akajifuta shingo kwa ncha ya kanga, akaitazama ile kanga. Akajigusa kipaji cha uso.

"Nimelowa," akasema polepole. "Na haya si manyunyu. Hii ni hari hii."

Akamgeukia mwanawe.

"Kaa hukuhuku, mwanangu. Nilidhani baridi itakuua. Watu walionitoa jasho mwezi wa sita hawatakuacha ufe."

Nililia mbele ya wote, wala sikuona aibu.

Bwana mifugo aliwahi na mbegu zake. Ndama alizaliwa masika, tukiwa tumeshaoana, tena jike, na jina alilitoa mama mkwe mwenyewe kwa simu kutoka Tanga: Hari. Mpaka leo akipiga simu huanza na huyo kabla hajaniulizia mimi. Jana mvua ilinyesha tangu alfajiri, na simu ikaita.

"Hari hajambo?"

"Hajambo, mama," nikamwambia. "Anatetemeka."