Chupa Zilizopauka Maungu

Kwa miaka kumi na tisa Mwanaesha Bwanaheri alitunza maabara ya shule moja ya upili mjini Voi. Alipoachishwa kazi, alianza kufuga bakteria wa zambarau uani kwake: chupa za plastiki, maji, tope la kidimbwi na chakula chao. Wakulima walizimwagia mboga zao maji hayo yenye bakteria kama mbolea. Mnunuzi wake alikuwa mmoja tu, kikundi cha wakulima cha Maungu, na Jumatatu hiyo kilimwita kumfukuza.

"Tazameni!" Muli alipaza sauti. Ndiye mwenye duka lililohifadhi chupa za kikundi. Aliinua moja; badala ya wekundu wa zambarau uliokoza, ilikuwa kama maji yaliyosuuziwa glasi ya sharubati. "Muuza maziwa akitia maji tunamfukuza. Na huyu je?"

"Uliziweka wapi?" Mwanaesha aliuliza.

"Juu ya mabati. Si ulituambia wanakula mwanga? Nimewashibisha."

"Umewashibisha, ama umewaanika kama muhogo?"

Watu wakacheka. Muli akafura. "Watu wa pwani hawa! Mdomo asali, mkono kwenye mfereji wa maji."

"Mama, jitetee ama uende," alisema Kasiva, mwenyekiti, bila kumtazama.

Mwanaesha alisimama wima. Akawaeleza kwamba ndani ya kila bakteria mna jeni, yaani maagizo ya kuunda rangi inayonasa mwanga. Mwanga ukiwa haba, maagizo hayo hunakiliwa kwa wingi, rangi ikakoza. Mwanga ukizidi, kunakili hupungua. Bakteria wanaendelea kugawanyika, na rangi ya zamani inagawanywa kwa wengi hadi inapauka.

"Wako hai humo," alisema. "Rangi tu ndiyo wameacha kuiunda."

"Hadithi," Muli alisema.

"Basi tujaribu, na chupa uzifunge mwenyewe, usije ukasema nimekuroga," Mwanaesha alimjibu.

Akaigawa ile chupa iliyopauka katika chupa mbili na kuziongezea chakula sawa. Moja aliizungushia leso mara mbili kuikinga na mwanga, nyingine akaiacha wazi. Akazitia zote katika beseni moja la maji, joto lisitofautiane. Muli akaziba vifuniko kwa nta, akapiga muhuri wa duka lake, akaliweka beseni juani katika ua wake na kufunga lango kwa kufuli. Kikundi kilimpa Mwanaesha siku saba. Rangi isiporudi, asikanyage tena Maungu.

Siku ya saba Kasiva aliifungua leso mbele ya wote. Chupa ilikuwa nyekundu, karibu nyeusi. Ile iliyoachwa wazi ilikuwa vile vile, imepauka.

"Muhuri ni wako, Muli?" Kasiva aliuliza.

"Ni wangu."

"Umeguswa?"

Muli aliukagua kwa kucha, akaukagua tena. "Haujaguswa," alisema hatimaye. "Lakini hata mganga ana mbinu zake."

"Mganga hapigi muhuri wako," Kasiva alimkata. "Tutaendelea kununua kwa huyu mama."

"Mtanunua," alisema Mwanaesha, "lakini chupa yangu hailali tena kwa huyu."

"Na stoo nyingine utaipata wapi hapa Maungu, bi mkubwa?" Muli aliuliza.

"Chumbani kwangu," alisema Kasiva. "Kuna giza la kutosha."

Muli akalipiga beseni teke. Maji yakaruka, yakalilowesha buibui la Mwanaesha hadi magotini. Hakuna aliyemwomba radhi. Mwanaesha aliliinua buibui kidogo, akazipita nyuso zote bila kuaga, akaenda kuhesabu chupa za kuhamishwa.